Seva ya jumuiya, watu watatu, kazi 27: nyie mnapangaje zamu?

BiKonde (Pemba)

Assalaam alaykum jamani.

Mie nina duka la dawa hapa Konde. Kompyuta nimejifunzia dukani, adhuhuri wateja wakipungua. Nalisema hili mapema ili anayejibu asinirushie maneno ya chuo kikuu.

Jumuiya yetu ya watu wa kaskazini ina tovuti tokea 2017. Aliianzisha kijana mmoja wa kijijini, akapata masomo nje akaondoka, mzigo ukabaki kwa aliyekuwa karibu, ndiye mie. Tovuti yenyewe si kubwa. Kuna jedwali la maji kupwa na kujaa, ambalo kina mama wa mwani na wavuvi wanalitazama kwenye simu. Kuna picha za harusi na maulidi. Na kuna ukurasa wa tanzia. Huo ndio unaosomwa kuliko yote, maana watu wetu wametawanyika Muscat, Mombasa, Dar, London. Mtu akifa alfajiri anazikwa adhuhuri. WhatsApp ipo, lakini vikundi ni vingi na kila kikundi kina saa yake ya maziko. Watu wameshazoea kuwa saa ya kweli iko kwetu.

Seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, tumekodi Ujerumani: RAM GB 2, diski GB 40, mfumo wake Debian 11, na WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, juu yake. Analipa binamu yangu wa Muscat kwa kadi yake, kama shilingi 15,000 kwa mwezi. Watunzaji ni mie, huyo binamu, na kijana wetu mmoja anayesoma Dar. Hakuna anayepata hata vocha.

Sasa lililotupata. Kwenye kikundi chetu niliandika: "Nitafanya apdeti na kuizima na kuiwasha seva usiku wa Ijumaa saa 8. Mdogo wangu uwe macho, nikikwama nikupigie." Akajibu, "Sawa dada." Kwetu sisi usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, usiku wa Yasini. Yeye ana miaka mitatu Dar, kwake usiku wa Ijumaa ni Ijumaa yenyewe ikishakuchwa. Basi Alkhamisi saa 8 za usiku mie niko macho, umeme umekatika, namulika kwa simu, laptopu ina chaji asilimia 40. Nikatoa amri. Seva ikarudi nusu: yenyewe inaitika, tovuti inasema haiwezi kuungana na databesi, ghala la maandishi yake. Nampigia kijana, simu imezimwa. Nampigia binamu, huko ni saa 9 usiku, inaita mpaka inakatika.

Alfajiri akafariki mzee mmoja wa Micheweni, mtu wa watu. Maziko yalikuwa saa 7 mchana. Mpaka saa 4 asubuhi tovuti haifunguki, na kikundi kimoja kikubwa kilikuwa kimeandika "baada ya Alasiri". Mpwa wake marehemu alitoka Wete kwa hesabu ya Alasiri, akakutana na watu wanarudi makaburini. Jioni alipita dukani kwangu. Hakunilaumu. Alinisalimia tu akanunua panadol akaenda zake, na hilo limeniuma kuliko angenitukana.

Kijana alipoamka tukakuta diski imejaa, asilimia 100. Kilichoijaza ni bakapu zetu wenyewe, nakala za akiba! Kila Ijumaa skripti, amri zinazojiendesha, inafunga folda nzima ya picha, MB 900 na ushee, inaiweka kwenye diski ile ile iliyo na tovuti, na hakuna aliyewahi kuiambia ifute za zamani. Databesi ilikosa hata pa kuandikia, ikakataa kuwaka. Tukafuta nakala za miezi ya nyuma, ikawaka.

Baada ya hapo nikakaa na daftari. Dukani nina mtindo wangu: mwisho wa mwezi natembea na rafu moja moja, dawa inayokaribia tarehe naileta mbele, iliyopita naitoa. Nikadhani seva nayo itakubali mtindo huo, nikaandika kila kinachohitaji kutazamwa. Zimefika kazi 27. Kusoma logi (kumbukumbu za seva) kila siku, kubadilisha nywila kila mwezi, kupima kasi, kukagua plagini (viongezo vya WordPress), kukagua barua pepe za zamani, na kadhalika. Wiki ya kwanza tulifanya 11. Ya pili 4. Wiki hii tumefanya moja, nayo ni ya mie kuandika hapa.

Jengine: nimetazama takwimu zetu nimeona siku za bamvua, za maji makubwa, wageni ni wengi mno, karibu mara mbili ya siku nyengine. Sijui kama lina maana yoyote katika kupanga.

Nyie mnaotunza seva za kujitolea, mnagawaje? Nani anafanya nini, siku gani, na mnafanyaje watu wasichoke?

Fundi_Darajani (Unguja Mjini)

Waalaykum salaam dada, na pole. Hilo la kusalimiwa tu nalijua ladha yake.

Mie niliwahi kutunza seva ya jumuiya moja hapa mjini, enzi hizo imewekwa chini ya meza ofisini. Tulikuwa na ratiba nzuri ukutani, ina rangi tatu. Mei 2008 laini ya umeme inayotoka bara ikaharibika, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ikatokea tena, mpaka Machi 2010. Ratiba ikabaki ukutani, chini yake seva inakula vumbi. Afadhali yenu iko Ujerumani. Toka wakati huo kila kazi naiuliza swali moja: wewe ukiachwa wiki sita, nani atalia? Kama hapana atakayelia, naifuta.

Hebu tulijaribu kwenye daftari lako. Kusoma logi kila siku: mie nalipwa kwa kazi hii na sizisomi kila siku. Futa. Kupima kasi: wateja wako wa mwani watakwambia. Kubadilisha nywila kila mwezi: hii hasa ifute kwa wino mwekundu, maana nywila moja imeandikwa mahala pengi, ukiigeuza hapa kuna kitu kule kinavunjika kimya kimya na hutajua. Weka ndefu, tofauti kwa kila kitu, iache. Ibadilishe mtu akiondoka kwenye timu au ukishuku imevuja.

Mtindo wako wa rafu ni mzuri kuliko ratiba nyingi nilizoziona, ila kwenye seva vinavyokwisha tarehe ni vinne tu. Domeni, yaani jina la tovuti. Kadi ya binamu yako. Cheti cha usalama kinachoifanya simu iiamini tovuti. Na Debian.

Domeni: ingia utazame taarifa za ukumbusho zinakwenda barua pepe ya nani. Nakuwekea dau la chungwa kuwa zinakwenda kwa yule kijana aliyeondoka, kwenye anwani ambayo yeye mwenyewe haifungui. Kadi: mwezi na mwaka vimeandikwa usoni mwake, muulize binamu leo. Cheti: kama mnatumia Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, kinaishi siku 90 na programu ya certbot hukihuisha wenyewe kikibaki na kama siku 30. Zamani walikuwa wakituma barua pepe ya kukumbusha pale kinapokaribia kufa. Tokea Juni 2025 wameacha. Kwa hivyo msikae kusubiri barua. Andika `certbot renew --dry-run` uone kama njia iko wazi.

Debian ndiyo kazi kubwa ya mwaka huu. Hiyo 11 mliyonayo ilitoka Agosti 2021 na msaada wake wa muda mrefu unakwisha tarehe 31 Agosti 2026. Ya sasa ni 13. Wenyewe Debian hawakubali kuruka darja: lazima uende 12 kwanza, kisha 13. Mie nisingefanya hivyo kwenye seva inayofanya kazi. Kodi ya pili kwa mwezi mmoja, iwe na 13 tangu mwanzo, hamishia tovuti huko kutoka kwenye bakapu, itazame kwa siku kadhaa, kisha geuza domeni ielekee mpya. Siku moja kabla ya kugeuza, teremsha TTL ya domeni, muda ambao mitandao inaikumbuka anwani ya zamani, iwe sekunde 300 ili watu wasibaki wanapelekwa nyumba ya zamani. Mnatumia shilingi 15,000 za ziada na mnapata faida mbili: mmehama, na mmejua kama bakapu zenu zinafufuka.

Na hapo ndipo nataka nikae kidogo.

Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni ya watu wanaoishi kwa kazi hii, mhandisi wao usiku amechoka akafuta folda ya databesi kwenye seva isiyo yenyewe. Alikusudia ile ya akiba, akafuta ile kuu. Kati ya kama GB 300 zikabaki 4.5. Wakakimbilia bakapu. Walikuwa na njia tano, na katika hizo tano hapana iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Ile ya kila siku ilikuwa inashindwa muda mrefu kwa sababu ya toleo la programu lisilolingana, na barua pepe za kusema "nimeshindwa" zilikuwa zinakataliwa njiani, hazimfikii mtu. Kilichowaokoa ni nakala aliyoipiga mtu kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyengine kabisa. Waliyaandika haya wenyewe hadharani, na mie nawaheshimu kwa hilo.

Kwa hivyo kazi ya bakapu haiitwi "kupiga bakapu". Iandike daftarini: "kufungua bakapu na kusoma kilichomo". Kila miezi mitatu. Chukua laptopu kuukuu, isimamishe tovuti humo, fungua tanzia ya mwisho uisome kwa macho yako.

Yaliyobaki achia mashine. Weka `unattended-upgrades` ichukue apdeti za usalama za Debian yenyewe. WordPress nayo inajisasisha matoleo madogo tokea 2013. Diski iwekee kengele ikifika asilimia 80. Na skripti yako ya Ijumaa iambie ibakishe nakala nne, ya tano iondoke. Binadamu abakiwe na mzunguko mmoja kwa mwezi, mtu mmoja, dakika 45: diski, cheti, bakapu ya mwisho ina tarehe gani na ukubwa gani, plagini zisizotumika zifutwe, seva izimwe na kuwashwa kama kerneli (kiini cha mfumo) imebadilika. Mwezi huu wewe, ujao kijana, unaofuata binamu. Asiye zamu anakaa standibai ile siku tu.

chwaka_wa_juu

Fundi hapo kwenye apdeti za wenyewe sikubaliani. Ikivunja kitu saa 9 usiku nani atajua? Mie zangu nafanya kwa mkono.

Fundi_Darajani (Unguja Mjini)

Mara ya mwisho umezifanya lini?

chwaka_wa_juu

Kabla ya Maulidi 😅

Fundi_Darajani (Unguja Mjini)

Basi.

maalim_wa_Tumbe (Pemba)

Assalaam alaykum. Binti yangu wa Konde, mie seva siijui, mwanangu ndiye aliyenionesha maneno yako kwa sababu jedwali lenu la maji nalitumia. Lakini hilo la bamvua umelisema mwishoni kama kitu kidogo, na mie naona ndilo.

Siku za bamvua maji yanakupwa mbali asubuhi, saa nne saa tano. Kina mama wako kwenye mwani, wavuvi wa miguu wako mwambani, kila mmoja anataka kujua maji yanaanza kurudi saa ngapi. Siku za maji mafu hapana wa kutazama, maji hayaendi popote. Sasa wewe kwa nini unafanya ukarabati Ijumaa? Fundi wa dau haligongi siku ya kuvua. Fanyeni kwenye maji mafu: mwezi 8 mpaka 10, na mwezi 22 mpaka 24, yaani tarehe za mwezi mwandamo. Usihesabu siku moja, hesabu tatu, kwa sababu mwezi wenyewe tunaandama kwa macho na tunaweza kupishana.

La pili ni saa. Nyie mko watatu na saa zenu ni nne. Ya Kiswahili, ya Kizungu, ya Muscat, na mwanangu ananiambia mashine ina yake. Wekeni kawaida ya kuandika siku zote mbili: "usiku wa Alkhamisi kuamkia Ijumaa". Sisi kwenye matangazo ya khitma tunaandika hivyo hivyo, kwa sababu wageni wa mjini walikuwa wakija siku ya pili wakakuta masufuria yameshaoshwa.

Na Ramadhani isiguseni usiku. Watu wako macho mpaka daku.

Fundi_Darajani (Unguja Mjini)

Maalim, umenifunga mdomo. Miaka yote napanga kwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwa sababu tu ni rahisi kuikumbuka.

Dada, nyongeza kwenye hilo la saa. Seva nyingi huja na UTC, saa ya dunia, na UTC iko nyuma yetu saa tatu. Kwa hivyo saa 8 usiku kuamkia Ijumaa, kwake ni 23:00 ya Alkhamisi. Na kama kwenye cron (ratiba ya mashine) mmeandika 2 mkidhani ni saa 8 ya usiku, kazi inaanza saa 11 alfajiri, wakati hasa wa watu kufungua tanzia. Andika `timedatectl` uone. Mkitaka kuigeuza, Zanzibar haimo kwenye orodha, chagua Africa/Dar_es_Salaam, kisha iwashe upya cron.

Mashine haijui mwezi mwandamo, hilo ni la kuandika kwa mkono kwenye kalenda ya ukutani. Si vibaya. Bakapu ziende kwa kalenda ya Kizungu wenyewe kila usiku, nyie mwende kwa mwezi.

MzalendoMuscat

Salaam kwenu nyote. Mie si binamu wa Bi Konde, ila niko mtaa wa pili na watu wa aina yake 😄 Nami natunza tovuti ya skuli yetu ya zamani ya Pemba, mwaka wa sita huu.

Mambo mawili sijayaona juu.

Kwanza, bakapu isisukumwe na seva, ivutwe. Nikieleza: kama seva ndiyo inayopeleka nakala, basi seva ina ufunguo wa ghala, na mwizi akiingia kwenye seva ameingia na ghala. Kwangu nina kompyuta ndogo sebuleni inayokwenda kuchukua. Yenyewe ina ufunguo wa kusoma tu, seva haijui hata ilipo. Hapa Muscat intaneti ya nyumbani ni ya mwezi, Bi Konde asiharibu bando lake kuvuta GB 3 kwa simu, binamu afanye. Mara ya kwanza ni nzito, zinazofuata programu ya rsync inachukua kilichobadilika tu, na picha za harusi ya mwaka juzi hazibadiliki. Databesi ndiyo inayobadilika, na ya tovuti kama yenu ikibanwa haifiki hata MB 100.

Pili, mtu wa nje awe ndiye jicho. Tarehe 12 Mei 2024 waya mbili za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania yote ikawa inasuasua. Seva yetu ilikuwa Ulaya, nzima, haina tatizo. Lakini mwenzangu wa Chake alikuwa hawezi kuifikia, akadhani imekufa, akataka kuizima na kuiwasha kupitia kwenye paneli ya wenye seva. Nilimpigia nikamwambia ami, toa mkono, huku mie naiona. Angeizima bure, na pengine isingerudi. Sasa tuna sharti: hapana anayegusa kitu mpaka mmoja wa nje na mmoja wa ndani wamefungua ukurasa kwa wakati mmoja na kila mmoja ametuma picha ya anachokiona.

Halafu tanzia. Huo ukurasa usiutegemeze kwenye WordPress peke yake. Tengenezeni ukurasa mkavu, faili moja la maandishi, lisilohitaji databesi, lenye anwani yake. Siku databesi ikigoma, unaandika kwa mkono jina, mtaa na saa ya maziko. Ungekuwa nao siku ile, yule mpwa angefika.

BiKonde (Pemba)

Nimerudi. Siku tisa zimepita, nisameheni, dukani kulikuwa na mahesabu.

Fundi, dau lako la chungwa umelishinda. Domeni yetu ya .or.tz ilikuwa kwenye barua pepe ya yule kijana, ambayo anasema aliacha kuifungua toka akiwa mwaka wa pili. Ilikuwa imebakia siku 34. Nimeibadilisha iwe ya jumuiya, na nywila nimeiandika kwenye karatasi, nikaitia kwenye bahasha, nikampa mama aiweke kwenye bati la biskuti lenye hati ya shamba. Kadi ya binamu inakwisha mwezi wa tano. Hilo nalo limo kwenye kalenda.

Maalim, nimefuata maneno yako. Kalenda ya ukutani nimeizungushia mwezi 8 hadi 10 na mwezi 22 hadi 24 kwa kalamu ya kijani. Kijana wa Dar alicheka, kisha akaja na takwimu akanyamaza. Seva ilikuwa UTC kweli, na bakapu ilikuwa ikianza saa 11 alfajiri kila Ijumaa.

Ukurasa mkavu wa tanzia tumeutengeneza, una maneno yasiyofika mia. Nimeujaribu kwa kuizima databesi makusudi adhuhuri ya maji mafu. Umefunguka.

Sasa nikuambieni la bakapu. Jana usiku nikasema nifanye kama Fundi alivyosema, nizifungue nisome. Nikachukua laptopu ya marehemu baba, nikateremsha nakala ya wiki iliyopita. Ina mafaili mawili, moja la picha, moja la databesi. La picha MB 912, likafunguka vizuri, maulidi ya mwaka juzi yote yamo. La databesi nikatazama ukubwa: 20. Nikadhani ni MB 20. Nikatazama tena. Ni baiti 20.

Nikalifungua, ndani hamna kitu. Nikaenda la wiki ya nyuma yake, baiti 20. La nyuma yake, baiti 20. Nikarudi nyuma mpaka zilipoishia zile tulizozifuta: baiti 20 zote. Kijana akanieleza asubuhi. Mie mwenyewe, kwa mkono wangu, nilibadilisha nywila ya databesi wakati mmoja mwaka jana kwa sababu nilisoma mahala kuwa ni vizuri kubadilisha. Kwenye WordPress nikaiandika mpya. Kwenye skripti ya bakapu nikasahau. Toka hapo kila Ijumaa skripti inagonga, inakataliwa, kisha inabana hewa na kuihifadhi, na faili la hewa iliyobanwa ndilo hilo la baiti 20. Picha za harusi tulikuwa nazo nakala thelathini na tano. Tanzia za miaka minane, hata moja.

Na siku ile diski ilipojaa, mie ndiye niliyekuwa karibu kusema tuifute seva yote tuanze upya kutoka kwenye bakapu. Kijana ndiye aliyesema tujaribu kwanza kupunguza.

Mikono inanitetemeka naandika. Nywila imeshasahihishwa kwenye skripti, nimeipiga kwa mkono, imetoa MB 41, nimeifungua kwenye laptopu ya baba nimesoma tanzia ya mzee wa Micheweni, saa 7 mchana, iko sawasawa. Nakala nimeipeleka kwa binamu na nyengine iko kwenye flashi dukani, kwenye droo ya antibayotiki.

Swali langu moja limebakia. Hiyo kengele ya kusema faili ni dogo mno, naiwekaje? Ya diski nimeiweka, hiyo siijui.

MzalendoMuscat

Mashallah dada, na alhamdulillah. Mwishoni mwa skripti ongeza mstari unaopima faili la databesi: likiwa chini ya MB 5, skripti itume ujumbe. Lakini likumbuke la GitLab, ujumbe unaweza usifike. Mie nimegeuza: skripti inanitumia ujumbe kila ikifaulu, na ukubwa wake. Siku nisipoupata ndipo nastuka. Nikutumie yangu uibadilishe?

BiKonde (Pemba)

Nitumie kaka. Leo mwezi 23, niko macho mpaka saa 8. Kuamkia kesho 😄